Hoja ya CAG ikishaandikwa "ipo TAKUKURU" inaishia wapi? Tufuate hoja moja kutoka mwanzo hadi mwisho

#1 – Karani wa Hoja (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kila mwisho wa Machi CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) akienda Ikulu kukabidhi ripoti, humu panachemka siku tatu nne: nani kala, kala ngapi, wapi. Aprili ripoti zikitua Bungeni panachemka tena. Ikifika Mei tumeshahamia mambo mengine. Leo naomba mabilioni tuyaweke kando kidogo. Tuchukue hoja moja tu ya ukaguzi, yaani kasoro aliyoiandika mkaguzi na inayotakiwa kujibiwa, tuifuate tangu siku mkaguzi alipoiandika, tuone inapita mikononi mwa nani na inadondokea wapi.

Nimekuwa mkaguzi wa ndani kwenye halmashauri kwa miaka 12 kabla sijastaafu. Halmashauri sitaitaja wala watu sitawataja. Kisa chenyewe ni hiki.

Tulikuwa na mradi wa madarasa kwa force akaunti, yaani tunajenga wenyewe bila mkandarasi. Mafundi wa hapohapo kijijini, kamati ya manunuzi ya shule, saruji na nondo zinanunuliwa mjini. Mimi kwenye taarifa yangu ya robo mwaka nikaandika kwamba vocha 11 za vifaa zina risiti zinazofuatana namba, duka moja, mwandiko mmoja, ingawa tarehe zinapishana kwa wiki kadhaa. Taarifa ikaenda kwa mkurugenzi, nakala zikaenda kunakotakiwa. Muda si mrefu mwananchi naye akapeleka malalamiko yake TAKUKURU, chombo cha kupambana na rushwa, kuhusu mradi uleule. Wakaja wachunguzi, wakafanya kazi yao vizuri tu. Wakachukua zile vocha 11 halisi, wakaorodhesha kwa mkono kwenye karatasi moja, mhasibu akasaini, wakaondoka nazo. Nakala hakuna aliyetoa.

Oktoba wakaja wakaguzi wa nje, yaani wa CAG. Wakaomba vocha za mradi. Mhasibu aliyesaini ile karatasi alikuwa ameshahamishwa, na karatasi yenyewe ilikuwa kwenye droo yake. Mkaguzi akaandika anachotakiwa kuandika: hati za malipo 11 hazikuwasilishwa kwa ukaguzi. Hoja ya wizi unaoshukiwa ikageuka kuwa hoja ya nyaraka kukosekana. Hoja ya nyaraka hufungwa siku nyaraka zikipatikana. Mwaka uliofuata karatasi ikaonekana, majibu yakaandikwa "vocha zipo TAKUKURU kwa uchunguzi", na mbele yake mkaguzi akaandika "inasubiri". Ikasubiri mwaka huo na mwaka uliofuata. Nimestaafu inasubiri.

Angalieni hapo wakuu. Kila aliyegusa hilo jambo alitimiza wajibu wake. Mimi niliandika, TAKUKURU walichunguza, CAG aliripoti. Hakuna aliyelala. Lakini tulipishana mlangoni bila kusalimiana, na kilichopotea ni ile hoja yenyewe.

Sasa utaratibu kwenye karatasi unasemaje? Mwaka wa fedha unafungwa 30 Juni. Hesabu zinatakiwa kufika kwa CAG ndani ya miezi mitatu, yaani 30 Septemba. CAG anakabidhi ripoti kwa Rais kabla ya 31 Machi. Ibara ya 143 ya Katiba inataka iwasilishwe kwenye kikao cha kwanza cha Bunge baada ya hapo, ndani ya siku saba tangu kikao kianze, na Rais asipochukua hatua hiyo CAG anaipeleka kwa Spika mwenyewe. Kisha zinakuja kamati mbili za Bunge za hesabu: PAC inachukua Serikali Kuu na mashirika, LAAC inachukua halmashauri, na maafisa masuuli (wakuu wa taasisi wanaowajibika kwa fedha zake) wanaitwa. Maafisa masuuli wanamjibu pia Mlipaji Mkuu wa Serikali, ambaye anakusanya majibu ya wote. Na Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya 2008, kifungu cha 27, inamtaka CAG akishuku udanganyifu au rushwa avijulishe vyombo vya uchunguzi.

Miaka ya karibuni Bunge limekuwa likijadili taarifa za kamati hizi mbili Novemba. Hesabu mwenyewe: fedha iliyotumika Agosti inajadiliwa baada ya miaka miwili na zaidi. Mkurugenzi keshahama, mweka hazina keshahama, na anayeketi mbele ya kamati Dodoma anaanza na sentensi ambayo wajumbe wanaijua kwa moyo: "Mheshimiwa Mwenyekiti, mimi nimeripoti kituoni hivi karibuni."

Mashaka yangu hayako kwenye chombo chochote kimoja. Yako kwenye makabidhiano. Waliowahi kukaa upande wowote wa meza hii naomba mchangie.

#2 – Mwalimu wa Zamu

Mkuu umenigusa. Mimi nilikuwa mkuu wa shule wakati wa zile fedha za UVIKO-19, shilingi trilioni 1.3, madarasa 15,000 nchi nzima, milioni 20 kila darasa. Shuleni kwetu tulipata mawili.

Ninacho mpaka leo kitabu cha wageni cha miezi ile. Kuna ukurasa mmoja ambao peke yake ni uzi. Mhandisi wa halmashauri kasaini. Chini yake kamati ya usalama ya wilaya. Chini yake timu ya mkoa. Kisha TAKUKURU, ufuatiliaji wa miradi. Kisha kamati ya siasa, kukagua utekelezaji wa Ilani. Baadaye wakaguzi wa CAG. Na wa maandalizi ya Mwenge wakaja mara mbili.

Wote waliomba faili lilelile, wote wakapima ukuta uleule kwa futi, wote wakaniuliza mbao tumenunua wapi. Hakuna hata mmoja aliyesema "waliotangulia waliona nini?" Mhandisi aliona ufa kwenye linta wiki ya kwanza, akaniambia kwa mdomo turekebishe, tukarekebisha. Wa mkoa wakaona kiraka, wakauliza kwa nini kuna kiraka. Nikaeleza upya. Wa tatu nao wakauliza, nikaeleza upya. Kiraka kile kimeniletea barua mbili za kujieleza.

Kila ujio ni nusu siku, na mwalimu wa manunuzi ndiye huyohuyo wa hisabati kidato cha nne.

#3 – Karani wa Hoja

Mwalimu, hicho kitabu kitunze. Hapo umeeleza upande ambao sisi wakaguzi hatuuoni: sisi tunahesabu siku zetu tu.

Na sababu ya kutoulizana ipo. Mkaguzi wa nje anatakiwa apate ushahidi wake mwenyewe, hawezi kuandika "mhandisi wa mkoa ameniambia". Hilo ni sahihi. Ila kusoma alichoona mwenzako kabla hujafunga safari hakukuzuii kwenda kuona kwa macho yako.

#4 – Ng'ambo ya Ruvu

Mleta mada unasema hakuna chombo chenye kosa. Mimi naona tatizo ni utashi tu, mengine ni maneno. Wakitaka wanaweza. Mbona Escrow waliweza?

#5 – Karani wa Hoja

Asante kwa kuileta Escrow, kwa sababu ndiyo inayoonyesha ninachosema. Tuikumbuke vizuri.

Akaunti ilifunguliwa Benki Kuu kwa sababu ya mgogoro wa TANESCO na IPTL, kampuni binafsi ya kufua umeme, kuhusu gharama za uwezo wa mitambo. Mwishoni mwa 2013 zaidi ya shilingi bilioni 300 zikatolewa. Mwaka 2014 CAG akafanya ukaguzi maalumu, TAKUKURU wakawa na uchunguzi wao, na PAC chini ya Zitto Kabwe na makamu wake marehemu Deo Filikunjombe ikaita watu, ikachambua, ikapeleka taarifa Bungeni Novemba. Bunge likapitisha maazimio. Desemba Mwanasheria Mkuu Jaji Werema akajiuzulu, Waziri wa Ardhi Profesa Tibaijuka akaondolewa, Januari 2015 Waziri wa Nishati Profesa Muhongo akajiuzulu. Juni 2017 Rugemalira na Sethi, wafanyabiashara waliohusishwa na IPTL, wakafikishwa mahakamani.

Ona ilivyokuwa: vyombo vitatu, jambo moja, wakati mmoja, na kamati ya Bunge ikashika uzi katikati. PAC haikungoja ripoti ya kawaida ya mwaka ili ije na hoja baada ya miezi 16. Ilikuwa na kalenda yake.

Utashi ulikuwepo, sikatai. Lakini utashi ule ulikutana na mtu mmoja wa kuuliza "wewe umefikia wapi, na wewe umefikia wapi" kila wiki. Kwenye madarasa yetu mawili nani anauliza hivyo? Halmashauri Tanzania Bara ni zaidi ya 180. LAAC ikikaa wiki kadhaa Dodoma inaita chache tu, zilizobaki zinajibu kwa maandishi au hazifikiwi kabisa.

#6 – Ng'ambo ya Ruvu

Sawa mkuu, hapo nimekuelewa. Lakini basi usisahau 2019.

#7 – Karani wa Hoja

Sijasahau, na iliniuma nikiwa kazini.

Profesa Assad, CAG wa wakati ule, alisema kwenye mahojiano na redio ya Umoja wa Mataifa kwamba kutofanyiwa kazi kwa ripoti zake ni udhaifu wa Bunge. Januari 2019 Spika Ndugai akamwita mbele ya Kamati ya Haki, Maadili na Madaraka. Tarehe 2 Aprili Bunge likaazimia kutofanya kazi naye. Novemba mwaka huo akaondoka, akaja Kichere. Mahakama Kuu ilikuja kusema baadaye, Desemba 2022, kwamba kuondolewa kwake hakukufuata Katiba.

Watu walijadili nani kamtukana nani. Sisi wa chini tulikuwa na swali jingine: CAG hana polisi, hana mahakama, hana uwezo wa kumfukuza mtu. Silaha yake ni kwamba ripoti ikitoka, kamati ya Bunge itamkalisha afisa masuuli na mkaguzi atakuwa pembeni akimnong'oneza mwenyekiti "hapo anadanganya, muulize ukurasa wa 40". Hicho kiti cha pembeni ndicho kilichotikisika. Nilimsikia mkuu wa idara mmoja miezi ile akisema ukumbini, kwa sauti, "kwani hao si wamegombana?" Alikuwa na hoja sita za miaka miwili. Hakuandika majibu ya hata moja mpaka Septemba.

#8 – Mkenya wa Likoni

Hamjambo ndugu zetu. Huku kwetu Katiba ya 2010 imeweka muda ndani yake yenyewe. Ibara ya 229: Mkaguzi Mkuu amalize ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kwisha, na Bunge au bunge la kaunti lijadili na kuchukua hatua ndani ya miezi mitatu baada ya kupokea. Yaani bunge nalo limewekewa saa.

Lakini msidhani tumepona. Pesa za kaunti zinaangaliwa na Seneti, zinaangaliwa na bunge la kaunti, kwa ripoti ileile ya Mkaguzi Mkuu. Gavana anapanda ndege kwenda Nairobi kujibu maseneta, akirudi wajumbe wa bunge la kaunti wanataka afisa wake wa fedha ajibu tena. Maswali yanafanana, majibu wakati mwingine hayafanani! Na hakuna anayekaa kulinganisha alichosema Nairobi na alichosema nyumbani.

Halafu EACC, tume yetu ya kupambana na rushwa, wanachunguza, ila mwenye mamlaka ya kushtaki ni DPP, mkurugenzi wa mashtaka. Faili linaweza kurudi mara mbili tatu lifanyiwe kazi zaidi. Tangu 2015 tunayo timu ya pamoja ya vyombo kadhaa, EACC, DPP, DCI wa upelelezi, wa kutwaa mali, wa kodi, wa taarifa za fedha. Kwa kufuata mali imesaidia, maana mmoja anaona shamba, mwingine anaona akaunti, mwingine anaona kodi haikulipwa.

#9 – Karani wa Hoja

Shukrani jirani. Hilo la kulinganisha majibu ni zito. Na sisi tunalo: afisa masuuli anamjibu CAG kwenye barua ya ukaguzi, anamjibu Mlipaji Mkuu, anajibu baraza la madiwani, anajibu LAAC akiitwa, anajibu TAKUKURU chumbani. Majibu matano. Nimewahi kuona hoja moja ya makusanyo ya POS (mashine za kukusanyia mapato) ambayo hayakufika benki: kwa baraza iliandikwa "mtandao ulikuwa chini", kwa mkaguzi "wakusanyaji watatu wametoroka", kwa mkoa "fedha zimetumika kwenye dharura". Karatasi tatu, mhuri mmoja.

#10 – Bi Mwanakombo

Nachangia kwa ufupi kutoka Unguja. Huku tuna CAG wetu, tuna ZAECA badala ya TAKUKURU, na PAC ni ya Baraza la Wawakilishi. Nchi ndogo, ofisi ziko karibu, ungetarajia mtu avuke barabara tu akaulize. Kaka Karani, nakuhakikishia barabara haivukwi. Barua inaandikwa, inapita masjala, inasubiri saini, na ofisi inayotazamana nayo inaipokea kama imetoka ng'ambo.

#11 – Diwani Kata ya Juu

Wakuu, mimi ni diwani, muhula wa kwanza. Uzi huu umenikuta pazuri, maana baraza maalumu la hoja za CAG tunalo wiki ijayo. Mkuu wa Mkoa atakuwepo, mkaguzi wa nje wa mkoa atakuwepo.

Kitabu nimeletewa jana jioni. Kurasa 90 na zaidi. Safu nne: hoja, majibu ya menejimenti, maoni ya mkaguzi, hali ya utekelezaji. Nimehesabu hoja tano zimeandikwa "lipo kwenye vyombo vya uchunguzi". Mwaka jana, kwa mujibu wa kitabu nilichoazima kwa mzee mmoja aliyekuwa diwani, nne kati ya hizo tano zilikuwepo kwa maneno yaleyale, hata nukta.

Mwaka jana diwani mwenzangu aliuliza, akajibiwa kwamba jambo likiwa kwenye uchunguzi baraza haliruhusiwi kulijadili. Akakaa. Ni kweli haturuhusiwi? Na nikiuliza, niulize nini? Sitaki kuharibu kesi ya watu.

#12 – Karani wa Hoja

Mheshimiwa, karibu sana. Swali lako ndilo lililonifanya nifungue uzi huu, kwa hiyo nivumilie nitaandika kwa kirefu.

Kwanza, uchunguzi wa jinai unatafuta mtu na nia yake. Baraza linatafuta fedha na utaratibu. Kumtaja fulani kwamba ni mwizi, hapana, usifanye hivyo, utaingilia kazi ya wachunguzi na kumkosea mtu haki yake. Lakini kuuliza fedha ngapi, za mradi gani, mradi umesimama au umekamilika, na nani leo analinda kile kilichobaki, hiyo ni kazi yako uliyopigiwa kura. "Lipo kwenye uchunguzi" halifuti bajeti.

Pili, kwa kila moja ya zile tano omba vitu ambavyo haviwezi kuharibu kesi hata kidogo. Barua iliyopeleka jambo hilo kwa wachunguzi ina kumbukumbu namba gani na ya tarehe gani? Waliipeleka wenyewe, au CAG, au mwananchi? Nyaraka halisi zilizochukuliwa zimeorodheshwa, na nakala zilizothibitishwa ziko wapi? Mara ya mwisho halmashauri kuandika kuuliza imefikia wapi ilikuwa lini?

Nakwambia kwa uzoefu: kwenye tano, unaweza kukuta moja au mbili hazina barua kabisa. Mtu aliandika "ipo TAKUKURU" kwa sababu aliwaona TAKUKURU wakiingia getini kwa jambo jingine. Nilishuhudia. Hoja ilikaa miaka mitatu ikisubiri uchunguzi ambao haujawahi kufunguliwa, na siku tulipoandika kuuliza, jibu lilirudi ndani ya siku tisa kwamba hawana jalada la jambo hilo.

Tatu, muulize yule mkaguzi wa nje wa mkoa ana kwa ana, ukumbini, kama ofisi yake ilitoa taarifa kwa kifungu cha 27 kwa hoja hizo. Hatakwambia undani, lakini ndiyo au hapana anaweza kukupa, na itaingia kwenye muhtasari. Ikishaingia kwenye muhtasari, mwaka ujao haiwezi kuandikwa kwa maneno yaleyale.

#13 – Mwalimu wa Zamu

Diwani, ongeza na hili: uliza taarifa za mkaguzi wa ndani za robo nne. Mara nyingi hoja ya CAG ilishaandikwa na mkaguzi wa ndani miezi nane kabla. Kamati ya Fedha iliiona?

#14 – Karani wa Hoja

Mwalimu amesema kweli. Mkaguzi wa ndani ndiye pekee anayelala palepale na jambo. Tatizo ni kwamba anamwandikia mkurugenzi, na mafuta ya gari lake yanaidhinishwa na mkurugenzi huyohuyo. Ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Ndani ilianzishwa Hazina 2010 ili awe na mgongo mahali pengine. Imesaidia, lakini mafuta bado ni ya halmashauri.

Ningekuwa na uwezo wa kubadili kitu kimoja ningeanza na rejista. Hoja ipewe namba siku inayozaliwa, namba hiyo iende nayo kila mahali, kwa mkaguzi wa ndani, CAG, Mlipaji Mkuu, LAAC, TAKUKURU, PPRA (wasimamizi wa ununuzi wa umma) ikiwa ni ununuzi. Kila mmoja aandike tarehe aliyopokea na tarehe aliyotoka nayo. Siri ya uchunguzi ibaki siri, tarehe ziwe wazi. Serikali ilishaweza kuweka malipo yote kwenye MUSE na zabuni kwenye NeST. Kuweka namba za hoja hakushindikani.

#15 – Diwani Kata ya Juu

Nimeandika yote kwenye daftari. Baraza ni Alhamisi saa nne. Nimeshamwandikia mkurugenzi leo kuomba barua za zile hoja tano, nakala kwa mwenyekiti. Katibu wa vikao kanipigia simu jioni kuniuliza nazitaka za nini.

#16 – Karani wa Hoja

Mwambie ni za kuambatanisha na muhtasari. Na fika saa tatu na nusu, ukae mahali ambapo mkaguzi wa nje anakuona.